Mwanangu Ataishije Nisipokuwapo? Jibu Kuhusu Amana ya Familia Nchini Kenya

Swali, kwa ufupi: "Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 63, naishi Nakuru. Mume wangu alifariki mwaka 2016 bila kuacha wosia. Kijana wetu wa kwanza anafanya kazi Doha. Binti yetu alifariki mwaka 2019 akaniachia mjukuu, ambaye sasa ana miaka 9. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka 28, alizaliwa na hali ya Down na hawezi kusimamia fedha. Nina ploti yenye vyumba 8 vya kupangisha, iliyoandikwa jina langu. Tuna pia shamba la ekari 4 huko Molo, ambalo hatimiliki yake bado ina jina la marehemu, na nina akiba katika Sacco. Nimeshauriwa nifungue amana ya familia badala ya wosia, ili mashemeji wasiguse chochote. Je, ushauri huo ni sahihi, na nianzie wapi?"

Mwalimu, pole kwa misiba yote miwili, na nakushukuru kwa kueleza hali yako kikamilifu. Watu wengi huniuliza habari za amana bila kusema hatimiliki ina jina la nani, na jambo hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Jibu langu ni kwamba, kwa ajili ya kitinda mimba wako, amana inafaa kuliko wosia peke yake. Hata hivyo, kwa sasa mali unayoweza kuiweka ndani yake ni ploti ya Nakuru. Shamba la Molo bado si lako kulitoa, na hati ya amana inayolitaja leo haitakuwa na nguvu yoyote juu yake, hata ikipigwa mihuri mingapi.

Amana, ambayo wengine huiita trasti, ni mpango ambao mwenye mali, angali hai, anaikabidhi mali yake kwa wadhamini, nao wanaishika kwa manufaa ya watu aliowataja na kwa masharti aliyoyaandika. Wosia hulala mpaka siku ya kifo. Baada ya hapo lazima upelekwe mahakamani, tangazo lichapishwe katika gazeti rasmi la serikali, watu wapewe siku 30 za kuweka pingamizi, na kwa kawaida ipite miezi 6 tangu hati ya usimamizi itolewe kabla mahakama haijaithibitisha na mali kugawanywa. Hiyo ni pale ambapo hakuna anayegombana. Wakigombana, hesabu ni ya miaka. Kijana wako wa Doha anaweza kuvumilia muda huo kwa sababu ana mshahara. Mdogo wake hawezi. Chakula chake, dawa zake na mtu wa kukaa naye haviwezi kusubiri tangazo gazetini. Amana iliyowekwa vizuri haina pengo hilo: kodi ya vyumba inaendelea kuingia katika akaunti ileile, na wadhamini walewale wanaendelea kulipa, hata wiki ya mazishi yako.

Kuna sababu ya pili, nayo kwangu ni nzito zaidi. Kwa njia ya wosia wa kawaida, au pasipo wosia, kitinda mimba wako atapata fungu lake mkononi mwake, kama mtu mzima mwingine yeyote. Kwa kuwa hawezi kulisimamia, itabidi mtu aombe mahakama, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, ateuliwe kuwa msimamizi wa mali yake, na hatujui mtu huyo atakuwa nani. Mara nyingi familia haziendi mahakamani kabisa. Ndugu mmoja husema "nitamshikia", na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka kwamba kilichoshikwa kilikuwa cha mtu. Katika amana, mwanao hashiki hatimiliki hata siku moja, na hakuna anayeweza kumpa kalamu aweke sahihi ya kuuza. Yeye anapokea matunzo, na mali inabaki mahali pake. Fedha za mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkubwa anayestahili, ni msaada wa kushukuru, lakini wewe unayenunua unga na sabuni unajua zinafika tarehe ngapi.

Sasa tuje kwenye shamba, kwa sababu hapa ndipo ushauri uliopewa unapoweza kukuumiza. Mume wako alifariki bila wosia, kwa hiyo mali yake inafuata Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kifungu cha 35 kinasema kwamba mjane mwenye watoto anapata vyombo vya nyumbani na vitu binafsi vya marehemu moja kwa moja, lakini katika mali iliyobaki, likiwemo shamba, anapata haki ya kuitumia maisha yake yote, na baada yake inakwenda kwa watoto kwa mafungu sawa. Haki ya kutumia ni pana: utalima, utavuna, utakodisha. Kutoa ni jambo lingine. Hata ukitaka kuliuza kwa sababu ya kujikimu, kifungu cha 37 kinataka ridhaa ya wasimamizi wenzako na ya watoto wote waliofikia utu uzima, na kwa ardhi ni lazima mahakama nayo ikubali. Fungu la binti yako halikufa naye. Mwanawe anasimama mahali pake. Kwa hiyo shamba hilo, kisheria, ni la watoto wawili na mjukuu mmoja, nawe unaishi juu yake kwa haki yako ya ujane.

Hii haina maana kwamba shamba haliwezi kuingia katika amana. Maana yake ni kwamba litaingia kupitia mlango wa mirathi ya mume wako, ambayo haijafunguliwa kwa karibu miaka kumi. Fungua mirathi hiyo. Kwa kuwa kuna mtoto mdogo, sheria haitaki msimamizi mmoja peke yake. Watahitajika angalau wawili, na wasiozidi wanne. Wewe una nafasi ya kwanza kama mjane, na kijana wako wa Doha anaweza kuwa wa pili, ingawa ningependelea mtu aliye hapa nchini, kwa sababu kuna sahihi nyingi na safari nyingi za masijala. Wakati wa kuomba uthibitisho, familia huwasilisha pendekezo la mgawanyo. Hapo ndipo wakili wako aombe kwamba fungu la kitinda mimba, na la mjukuu mpaka afikie umri, liandikishwe kwa wadhamini wa amana badala ya majina yao. Jaji au hakimu atataka kuridhika kwamba watu hao wawili, ambao hawawezi kujisemea, hawakupunjwa, na ni vizuri aridhike. Msiwape pungufu ya mafungu yao kwa kutegemea kwamba "mama atawafidia kwenye ploti". Andikeni hesabu yote mbele ya mahakama. Wakati huohuo, kabla hati ya usimamizi haijatoka, mtu yeyote asiuze wala kukata kipande cha shamba. Kujitwalia mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, lenye faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kuhusu mashemeji, sheria tayari imekulinda zaidi ya unavyodhani. Marehemu akiwa ameacha mke na watoto, ndugu zake hawamo katika orodha ya warithi. Ndugu anaweza tu kuomba kama mtegemezi iwapo atathibitisha kwamba marehemu alikuwa akimtunza hadi karibu na kifo chake. Lakini nina swali ambalo barua yako haikulijibu: shamba la Molo lilitoka wapi? Kama mlilinunua kwa jasho lenu, lala usingizi. Kama lilitoka kwa baba mkwe wako, likaandikwa jina la mume wako akiwa mwana wa kwanza, huku wadogo zake wakikulia na kulima hapo, hali inabadilika. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inatambua amana za kimila hata zisipoandikwa kwenye hatimiliki, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwenye jina kwenye hati anaweza kuwa anaishika ardhi kwa niaba ya ukoo au ndugu zake. Katika hali hiyo mashemeji wanaweza kuwa na dai la kweli, na hakuna hati ya amana ya familia itakayolifuta. Waulize wazee wanaokumbuka, na uliza mapema, wakiwa bado hai.

Ploti ya Nakuru ni rahisi zaidi. Ni yako, mume hayupo wa kuombwa ridhaa ambayo Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ingeidai, na kwa kuwa ni ploti ya mji, haipiti bodi ya udhibiti wa ardhi, ile inayoidhinisha miamala ya ardhi ya kilimo. Shamba la Molo, litakapofika zamu yake, huenda likahitaji idhini ya bodi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inasema wazi kwamba hata tamko la amana juu ya ardhi ya kilimo ni shughuli inayohitaji idhini hiyo, na ombi linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 6. Wakili wako aliangalie hilo pamoja na amri ya mahakama, asije akaliacha njiani. Kwa ploti, anza na upekuzi rasmi, yaani kukagua rekodi ya hatimiliki katika masijala ya ardhi, ili kuona kama kuna mkopo wa Sacco au benki uliobaki umeandikwa juu yake. Mkopeshaji asiporidhia, hakuna kitakachosogea.

Kisha amana isajiliwe. Sheria ya Wadhamini wenye Urithi wa Kudumu, Sura ya 164, ilirekebishwa mwaka 2021 na kuitambua waziwazi amana ya familia, ile inayowekwa na mtu akiwa hai na ile inayotokana na wosia. Sheria hiyo inataka amana iwe ya kuhifadhi au kujenga mali kwa vizazi, iwafikirie wanufaika wengine mbali na anayeiweka, wakiwemo ambao hawajazaliwa, na isiwe chombo cha kufanyia biashara. Faida ya usajili ni kwamba wadhamini wanakuwa mwili mmoja wenye jina na mhuri wake. Bila usajili, hatimiliki huandikwa majina ya watu, na kila mdhamini anapofariki au kuondoka mnarudi masijala kubadilisha. Kwa usajili, hati husomeka "Wadhamini Waliosajiliwa wa Amana" fulani, na watu hubadilika bila ardhi kuguswa.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo moja ambalo limeharibu amana nyingi nilizoletewa. Mzee mmoja alinifuata na watoto wake wakamwonyesha fahari yake: hati ya amana ya kurasa 30, imefungwa utepe mwekundu, imesainiwa vizuri. Jedwali la mwisho lilitaja nyumba tatu. Nilipofanya upekuzi, nyumba zote tatu zilikuwa bado na jina lake, miaka 6 baada ya kusaini. Hakuna aliyemwambia kwamba kutaja mali katika jedwali hakuihamishi. Angefariki siku hiyo, nyumba hizo zingekwenda mirathini kama vile hati ile haijawahi kuandikwa. Kwa hiyo, Mwalimu, usimwachie wakili faili mpaka akuonyeshe hatimiliki mpya yenye jina la wadhamini. Halafu badilisha na yale madogo: mikataba ya wapangaji iandikwe jina la amana, akaunti ya benki ifunguliwe kwa sahihi mbili, bima na akaunti ya maji vihamishwe, na kodi ikome kuingia kwenye simu yako. Hili la simu linaonekana dogo, lakini mpangaji wa chumba nambari 5 akiendelea kukutumia wewe kila tarehe 5, na wewe ukitumia unavyopenda, siku moja mtu atasimama mahakamani aseme kwamba amana haikuwahi kuwapo, na atakuwa na ushahidi wa miamala ya miaka mitano.

Utaniuliza, basi mimi nitakula nini? Unaweza kujitaja kuwa mnufaika wakati wa uhai wako, pamoja na wengine, na unaweza kuwa mmoja wa wadhamini. Usiwe mdhamini pekee. Unaweza pia kuchagua kama amana iweze kutenguliwa au la. Kwako ningeshauri ipitie kipindi ambacho unaweza kurekebisha masharti, kwa sababu hujui bado ni mdhamini gani atakufaa, lakini nguvu ya kuifuta kabisa na kurudisha ploti kwako uiache ikome mapema. Sababu yangu si ya kisheria tu. Mama mwenye huruma ndiye huombwa arudishe mali ili imwokoe mtoto mwingine aliyekwama na deni, naye hukubali. Na kama wewe mwenyewe una deni, lilipe kwanza; kuhamisha mali ili kumkwepa anayekudai ni jambo ambalo mahakama inaweza kulitengua.

Kuhusu wadhamini, wateue watatu. Kijana wako wa kwanza awe mmoja, kwa sababu kumwacha nje kutamuumiza na kutamfanya awe mpinzani wa jambo analoweza kulilinda. Kumbuka lakini kwamba yeye ndiye atakayefaidika mali ikibaki baada ya mdogo wake, na kila shilingi anayoitumia kwa mdogo wake ni shilingi inayopungua kwake. Sisemi hana upendo. Nasema asiwekwe peke yake katika jaribu hilo. Wa pili awe mtu wa hesabu asiye na fungu lolote, mfano mwalimu mwenzako mnayeaminiana mliyewahi kusimamia naye chama. Wa tatu awe mtu mwenye umri mdogo kuliko wenu wote, kwa sababu mwanao akijaliwa anaweza kuishi miaka 30 zaidi. Mkimkosa mtu, kampuni za udhamini na baadhi ya benki hufanya kazi hiyo kwa malipo, na Mdhamini wa Umma wa serikali naye ana mamlaka hayo. Hati iseme jinsi mdhamini anavyoondolewa, hesabu zinasomwa lini na mbele ya nani. Marekebisho ya 2021 yanamtambua pia mtu anayepewa kazi ya kuhakikisha kwamba amana inatekelezwa. Mteue mtu wa kanisani au shangazi mkali asiyeogopa kuuliza risiti ziko wapi.

Pamoja na hati ya amana, andika barua ya matakwa, kwa mkono wako. Haina nguvu ya sheria kama hati, lakini ndiyo wadhamini watakayoisoma saa mbili usiku wakiwa hawajui la kufanya. Andika anakunywa dawa gani na saa ngapi, na daktari yupi anamjua. Watu wenye hali ya Down hupata mara nyingi matatizo ya tezi ya shingo, kwa hiyo andika vipimo hufanywa kila baada ya muda gani. Andika kwamba anapenda kupewa kazi ya kuokota mayai, kama ndivyo, na kwamba hukataa chakula anapopelekwa mahali pageni. Andika nani anaweza kumtuliza. Hati ya wakili itasema "matunzo ya kutosha". Wewe peke yako ndiye unayejua kutosha ni nini.

Kwa mjukuu, amana italipa karo, na ni busara kutaja mpaka kiwango gani cha elimu na kama fungu lake litatolewa kwa awamu. Lakini amana hushika mali tu. Haimpi mtu haki ya kumlea mtoto. Kama hujapata amri ya ulezi chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, iombe sasa, kisha uteue atakayekurithi katika ulezi huo.

Bado utahitaji wosia, mfupi, unaosema kwamba chochote kitakachobaki na jina lako siku ya kufa kiingie katika amana. Usijidanganye kwa kusema "nimewaambia wote kwa mdomo". Wosia wa mdomo unataka mashahidi wawili, na una nguvu tu ukifariki ndani ya miezi 3. Ule wa maandishi nao unataka mashahidi wawili wanaokuona ukisaini, na wasiwe wanufaika. Halafu nenda kwenye Sacco uombe kuona fomu yako ya uteuzi. Chama cha ushirika kinaweza kumlipa mteule aliyeandikwa humo, na fomu nyingi za walimu ninazoziona zilijazwa miaka ya 1990 zikataja mume au binti ambaye hayupo tena. Akiba hiyo usimteulie kitinda mimba moja kwa moja. Uliza kama chama kinakubali wadhamini waandikwe.

Kuhusu kodi nitasema machache. Kenya haina kodi ya mirathi, kwa hiyo anayekuuzia amana kama njia ya kukwepa kodi hiyo anakuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwapo. Uhamisho wa ardhi kwa kawaida hugusa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na kodi ya asilimia 15 juu ya ongezeko la thamani. Misamaha ya amana za familia imekuwa ikijadiliwa katika sheria za fedha tangu 2020, basi wakili akupe kwa maandishi kifungu na mwaka wa sheria anayoitegemea, kabla hujasaini uhamisho.

Wasomaji Waislamu waliouliza swali la namna hii wafahamu kwamba mirathi yao inafuata sheria ya Kiislamu, na kwamba wakfu wa kifamilia, ambao Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951, iliyofutwa na Sheria ya Wakfu ya 2022, iliutambua mradi mwisho wake uelekee kwa maskini au jambo jingine la kheri, unaweza kuwafaa kuliko amana hii. Hilo linahitaji jibu lake.

Wewe, Mwalimu, anza mambo mawili kwa pamoja. Moja, mpe wakili kazi ya upekuzi wa ploti na rasimu ya hati ya amana yenye ploti hiyo peke yake, na ibara inayoruhusu mali nyingine kuongezwa baadaye. La pili, nenda kwa chifu wa eneo la shamba uchukue barua ya kuwatambulisha waliobaki wa marehemu, maana mahakama itaitaka unapofungua mirathi. Chukua vyeti vya kifo vyote viwili, cha mume na cha binti, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Kabla chifu hajapiga mhuri, isome barua yenyewe pole pole, uhakikishe majina matatu yamo: la kijana wa Doha, la kitinda mimba, na la yule mtoto wa miaka 9.